Tupeane uzoefu: hita ya gesi inawaka, kisha inajizima yenyewe

MamaWawili, Minneapolis
Habari za baridi, ndugu zangu. Kwa mlioko nyumbani: huku Marekani nyumba nyingi zina fanesi, mtambo wa gesi unaokaa chini kabisa ya nyumba, unapasha hewa na kuisukuma vyumbani kwa njia za bati. Yangu tangu juzi inawaka na kuzima. Jana usiku nimekaa mbele yake na tochi. Kifeni kidogo kinaanza kuvuma, kile kipande cha kuwashia gesi kinaiva chekundu kama kaa, gesi inashika, moto wa bluu safi kabisa. Nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tap! Umezima. Inajaribu tena na tena, halafu inanyamaza. Ndani ni nyuzi 14, watoto wamelala na makoti. Filta ya hewa nimebadilisha. Nyie yaliwakuta yapi? Naomba mliyoyaona kwa macho.

Fundi wa Columbus
Pole sana, dada. Kazi hii naifanya miaka tisa sasa, na hizo sekunde nne ulizohesabu zimeshanieleza mengi. Ndani ya moto kuna kijiti chembamba cha chuma, shingo yake ni kauri nyeupe. Hiyo ni sensa ya moto. Bodi, ile saketi inayoongoza mtambo, inapitisha umeme mdogo mno, maikroampia chache tu, kupitia ule moto wenyewe. Kijiti kikishika utando, umeme haupiti, na bodi inachukulia kwamba gesi inamwagika bila kuwaka. Inafunga valvu. Mtambo wako unawalinda, wewe na wanao.

Kabla hujagusa chochote, chungulia kwenye kidirisha cha mlango wa fanesi. Kuna kitaa kinapepesa. Hesabu kinapepesa mara ngapi, kisha linganisha na karatasi iliyobandikwa upande wa ndani wa mlango. Kama ni sensa, zima umeme, funga gesi, legeza skrubu moja, chomoa kijiti, kisugue taratibu kwa stili wuli laini isiyo na sabuni. Usitumie msasa wa kukwaruza. Na kile kinachoiva chekundu usikiguse hata kwa kidole, kinavunjika upesi. Ukirudisha, bana mlango vizuri, una swichi yake. Ukikaa vibaya hakuna kitakachowaka.

Ukisikia harufu ya gesi, acha yote. Usiwashe wala kuzima taa. Toka na watoto, piga simu ukiwa nje.

Mzenji wa Calgary
Sisi ilikuwa theluji. Hita yetu ni ya kisasa, ina mabomba mawili meupe ya plastiki ukutani nje, moja la kuvuta hewa, jingine la kutoa moshi, na upepo ulirundika theluji mpaka ikayaziba. Swichi ya presha, ile inayohakikisha moshi unapata njia ya kutoka, ikakataa, na ni haki yake. Nilifukua kwa mikono, baada ya dakika chache ikawaka. Siku hizi ikianguka theluji nyingi naanza na mabomba, gari baadaye.

Baba Asha
Mimi nilinunua filta nene kuliko zote dukani kwa sababu mwanangu ana pumu. Hewa ikawa haipiti, chuma kinachemka kupita kiasi, swichi ya joto inakata kila baada ya dakika kama kumi. Nilikuwa pia nimefunga matundu ya vyumba viwili eti nibane gesi. Nimefungua yote, nimeweka filta wanayoitaja kwenye kitabu cha mtambo. Imetulia.

Mkongomani wa Iowa
Jambo wandugu. Yetu ilikuwa inazima, fundi aliyeletwa akaunganisha waya mbili kuiruka swichi moja, ile inayokata moto ukitoka nje ya chumba chake. Ikawaka siku mbili, tukamshukuru. Usiku wa tatu, saa tisa, kengele ya kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu, ikalia. Mke wangu alikuwa anaumwa kichwa tangu jioni, tukadhani ni uchovu. Tulitoka na mablanketi tu. Watu wa zimamoto walifunga gesi, na fundi mwingine akatuonyesha ufa kwenye chuma kinachotenga moto na hewa tunayovuta. Swichi ilikuwa inasema ukweli, tukaiziba mdomo.

Tafadhali, kama hauna hiyo kengele, nunua leo. Na usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba hata baridi iwe namna gani. Texas, Februari 2021, umeme ulipokatika, watu walikufa kwa hewa hiyo ndani ya nyumba zao, wengine kwa jenereta, wengine kwa magari waliyowasha gereji.

MamaWawili, Minneapolis
Nimerudi. Kitaa kilisema sensa. Kijiti kilikuwa na utando mweupe kama chokaa, nimekisugua ukang'aa. Fanesi inafanya kazi tangu saa moja jioni. Kengele nimeipima, betri ilikuwa imekufa, nimeweka mpya. Watoto wamevua makoti.