Yule muuza mtumba wa Mwanga kanidhalilisha mbele ya wamama wa dagaa!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa wa viatu pale Mwanga, Kigoma, mnamjua, yule anayevaa mzula saa saba mchana. Leo kaniuliza kwa sauti: "Wewe theluji umeiona wapi, kwenye friji la soda?" Soko zima likacheka. Mpaka mbuzi.

Iko hivi. Tiara ya majini, ile unavutwa nayo umesimama kwenye ubao, nimeipiga Paje, Zanzibar, miaka 4. Mwezi wa pili shemeji kaniita Norway, Hardangervidda, kule wanavutwa na tiara hivyo hivyo kwenye ubao, ila juu ya theluji. Nikaona kwa jamaa bindingi, vile vifungo vya kubana buti kwenye ubao. Nikamwambia nataka zinazofungukia nyuma, maana unazivaa umekaa kwenye theluji, mkono mmoja umeshika tiara, mikanda utaikaza na nini, meno? Na ule mgongo wake wa kuegemeza mguu usilegee, kutwa unaegemea visigino. Akanipa za mikanda. "Zote sawa tu, bro." Elfu 35.

Nafika Gungu nazipanga sakafuni, vikazio vya mikanda vya zote mbili vinatazama upande mmoja. KUSHOTO MBILI!

Kurudi ndo akatoa hilo la friji. Friji la soda! Na mama anayenikopesha dagaa yuko pale, kashika kiuno anacheka!

Mgebuka Mkavu: Ila mkuu, kweli theluji umeiona wapi?

Mtoto wa Ujiji: Elfu 35 kwa kandambili za mzungu 😂😂

Fundi Kimya: Diski zake, zile sahani za kuzifungia ubaoni, zina skrubu ngapi? Ya skrubu tatu haikai kwenye ubao wa matundu manne.

Mleta uzi: Ubao wenyewe sijanunua, usinichanganye. Mimi naongelea FRIJI.

Mtoto wa Ujiji: Kanunua tandiko, punda hana 😂

Bi Mwandiga: Huyo huyo aliniuzia koti, mfukoni nikakuta meno ya bandia. Nikamrudishia, akasema hiyo ni nyongeza.

Mgebuka Mkavu: Afadhali nyie. Mimi Kibirizi nimeuziwa sado ya dagaa, nusu mchanga. Nimeosha maji matatu, bado natafuna ufukwe.

Bi Mwandiga: Na mawese je? Siku hizi ndoo inatikisika kama chai.

Mleta uzi: Jamani, friji

Fundi Kimya: Bi Mwandiga, mawese masafi nnayo, ndoo mbili. Njoo pembeni.

Mgebuka Mkavu: Usiende, ni huyo huyo aliyeniuzia mchanga.