Fistula, grafti au mpira wa shingoni: mama achague ipi?

Binti_Pangani: Wakuu, habarini. Mama ana kisukari, figo zimeshindwa, anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, damu ikipitia mpira wa shingoni. Daktari kaona mishipa ya mikono ni myembamba, ametaja grafti, njia nyingine ya kupitishia damu kwenda kwenye mashine. Ndugu wanataka abaki na mpira, eti hauna kuchomwachomwa sindano. Mnashaurije?

Mzee_wa_Mashine: Pole, binti. Mimi nina fistula: ateri na veni zako mwenyewe zinaunganishwa, hakuna kitu kigeni mwilini. Ikikubali, hudumu. Tatizo ni kukomaa, inachukua wiki hadi miezi, na mishipa ikiwa myembamba huweza kukataa kabisa. Mpira ni wa kuvukia tu. Wadudu wanapita pale moja kwa moja hadi kwenye damu. Mtu akianza kutetemeka na homa akiwa kwenye mashine, huwa tunajua kinachofuata.

Nesi_wa_Zamu: Grafti ni mrija wa plastiki unaopitishwa chini ya ngozi, kutoka ateri hadi veni. Raha yake, baada ya wiki 2 au 3 uvimbe ukishuka inaanza kuchomwa sindano za mashine. Karaha yake, inaziba kirahisi kuliko fistula. Mara nyingi shida huanzia pale mrija unapoungana na veni: ukuta wa veni unanenepa, njia inabana, damu inapungua kasi, mwisho inaganda. Wakiwahi, wanapanua kwa puto. Ikiingia wadudu, dawa peke yake mara nyingi haitoshi, huenda ikatolewa.

Kaka_Ubungo: Na asikubali kuchomwa palepale kila mara, mrija unachakaa na kutoa nundu. Wahamishe sindano.

Binti_Pangani: Asanteni. Kuna mgonjwa mwenzake ana grafti, analalamika vidole vya baridi. Ni hiyo grafti inayosababisha?

Nesi_wa_Zamu: Inawezekana, dada. Damu inapitia kwenye mrija badala ya kufika vidoleni, na wenye kisukari wako hatarini zaidi. Ganzi, weupe au maumivu, aseme siku hiyo hiyo. Mama akishawekewa, kila asubuhi aguse grafti, asikie mtetemo. Ukipotea, hospitali saa hiyo hiyo, msingoje zamu ya mashine. Mkono huo usipimwe presha, usitolewe damu.

Mzee_wa_Mashine: Kabla ya kuifuta fistula, ulizeni kama mishipa ya mikono yote miwili imepimwa kwa ultrasaundi. Wengine huangaliwa kwa macho tu.