Maji yamechemka kwenye 96, kipimajoto kibovu au? Fomu faivu Mwanza

Mtoto_wa_Igoma:
Wakuu habarini, wakubwa shikamooni. Nimeanza fomu faivu PCB hapa Mwanza, kemia tumeanzia kwenye vipimo nikajua ni mteremko kumbe ndo maksi zinapokatika. Juzi tumechemsha maji maabara yanatokota kabisa ila kipimajoto kimegoma kwenye 96, hakipandi ng'o, wenzangu wakaandika 100 maana kila mtu anajua maji yanachemka 100, mi nikaandika 96 nikachekwa. Halafu kwenye titresheni, ile ya kudondoshea kimiminika kimoja kwenye kingine, nimesoma bureti, ule mrija mrefu wa vistari, 24.5 ticha kaniwekea kosa, pembeni kaandika 24.50, sasa hiyo sifuri inaongeza nini jamani si namba ile ile?

Kamanga_Feri:
Dogo weka sifuri ulale. Bureti ni desimali mbili, kariri, NECTA hawana mjadala na mtu.

Fundi_Maabara:
Kamanga usimkaririshe mtoto, kesho atashika silinda ya kupimia ataandika desimali mbili huko nako.

Dogo, 96 yako ni sahihi, waliokucheka ndo wamepika matokeo. Ile 100 ni ya usawa wa bahari. Ziwa letu lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya bahari na sisi tuko juu ya ziwa, hewa huku inakandamiza kidogo kuliko Dar kwa hiyo maji yanatokota mapema, kwa makadirio inashuka nyuzi moja kila ukipanda mita 300 hivi, piga hesabu mwenyewe utaona unaangukia hapo hapo. Kama bado una wasiwasi na kipimajoto, ponda barafu safi isiyo na chumvi, tia maji kidogo, koroga, tumbukiza usubiri kitulie, usome kikiwa bado humo humo ndani. Kikikaa 0 kizima, mwinuko wa Mwanza hauigusi barafu.

Sasa bureti. Iangalie kwa karibu, vistari vinaenda 0.1 kwa 0.1, na ule mbonyeo wa maji ukikaa katikati ya vistari viwili jicho lako linakadiria namba moja zaidi. Hiyo ndo desimali ya pili. Ukiandika 24.50 unasema nimeangalia, umekaa juu ya kistari chenyewe. Ukiandika 24.5 msomaji anajua hukuangalia katikati. Na macho yawe usawa wa maji sio unasoma umesimama kama askari wa trafiki, mbonyeo soma chini yake, isipokuwa mkifika kwenye pamanganeti ile ya zambarau, chini hapaonekani, mnasoma ukingo wa juu.

Mtoto_wa_Igoma:
Asante sana mkuu nimeelewa. Ila kuna hii nyingine, tumepewa kijiwe cha kwenye milima yetu hii tutafute densiti, yaani gramu gawanya kwa ujazo. Mizani imesoma gramu 45.31, silinda ya 250 maji yametoka 150 yakafika 167, kalkuleta inanipa 2.6652941. Naandika zote?

Kamanga_Feri:
Andika zote waone umepiga hesabu 😂

Mwl_Nyegezi:
Mwanangu usimsikilize huyo. Silinda ya 250 vistari vyake vinaruka mbili mbili, hiyo 167 umeikadiria kati ya 166 na 168, ukitoa 150 unabaki na 17, tarakimu mbili tu za kuaminika. Jibu haliwezi kuwa safi kuliko kipimo chako kibovu kuliko vyote, kwa hiyo ni 2.7 g/cm³, na ni jibu zuri maana mawe ya Mwanza mengi ni granaiti na granaiti inacheza hapo hapo. Zile tarakimu nyingine ni kelele za kalkuleta.

Mtoto_wa_Igoma:
Shikamoo mwalimu. Sasa mizani nzuri yote ile inanisaidia nini kama silinda inaniangusha?

Mwl_Nyegezi:
Marahaba. Haikusaidii kitu, ndo maana unabadilisha silinda sio mizani. Omba ile ya 50, vistari vyake moja moja, hapo unaweza kukadiria mpaka desimali moja, utapata kitu kama 17.0 na jibu lako litapanda kuwa la tarakimu tatu.

Mtoto_wa_Igoma:
Kijiwe hakipiti mdomoni mwalimu, nshajaribu.

Fundi_Maabara:
Kigonge nyundo uchukue kipande, densiti haijali ukubwa. Ila gramu pima upya, usije ukaandika zile 45.31.