Naomba ushauri: batalioni yangu ibaki kwenye mstari au ijipange mraba?

Gobore_Bovu: Habari zenu wakuu. Ninashiriki mchezo wa vita unaochezwa kwa ramani na kwa kutumiana maagizo ya maandishi. Mwamuzi amenikabidhi batalioni moja ya askari wa miguu wa Uingereza, Juni 1815, karibu na njia panda iliyo kusini mwa Brussels. Tumejipanga mstari mrefu wenye watu wawili tu kwenda nyuma, na inasemekana wapanda farasi wa Ufaransa wako mahali fulani mbele yetu. Agizo langu linatakiwa kesho jioni, nami usingizi umenipaa. Nibaki hivi au nijipange mraba?

Mzee_wa_Gwaride: Kijana, jambo la kuzingatia hapa ni safu nene za Wafaransa, yaani watu wengi waliopangwa mmoja nyuma ya mwingine. Walipenda kusogea kwa safu hizo kwa sababu hata askari wageni wa gwaride waliweza kuongozwa humo bila kupoteana, ila walipokutana na mstari wa Waingereza kule Ureno na Hispania, ni watu wa mbele tu walioweza kufyatua. Nilipokuwa jeshini, sajini wetu alikuwa akitugeuza kutoka safu kwenda mstari hadi jua linazama, na anayekimbia kuliko wote huwa ni yule wa pembeni. Wa pembeni nilikuwa mimi.

Bint_Hamadi: Shikamoo mzee, lakini hakuuliza habari za safu. Mleta mada, mraba wenye singe zilizoelekezwa nje pande zote huwazuia farasi, kwa kuwa farasi hakubali kujitupa juu ya ukuta wa vyuma. Mizinga, kinyume chake, huupenda mraba: Waterloo, batalioni ya 27 ya Waingereza ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake, waliouawa na waliojeruhiwa, ikiwa imesimama hivyo hivyo. Sasa mbona husemi mizinga iko wapi, unaona umbali gani mbele yako, na nani aliyekupanga mstari?

Gobore_Bovu: Mizinga ipo, ila si karibu sana. Kuhusu kuona, tumo ndani ya shamba la nafaka iliyozidi kimo cha mtu, kwa hiyo hatuoni kitu. Na kwa kuwa mmenibana, niseme yote: nilikuwa nimekwisha anza kujipanga mraba, ndipo jemadari wangu, anayechezwa na shemeji yangu, akaniagiza nirudi kwenye mstari, nami nimemjibu kwamba nitatii. Msinihukumu haraka. Mstarini bunduki zote hufyatua mbele, ilhali mrabani kila upande una takriban robo yake tu.

Chapati_Moto: Kwa hiyo tatizo si Wafaransa, ni ukweni. Hata hivyo, mraba nao si dawa ya kila kitu: García Hernández, huko Hispania, tarehe 23 Julai 1812, farasi aliyepigwa risasi aliwaangukia Wafaransa waliokuwa mrabani, akafungua pengo, na wenzake wakapitia hapo hapo. Mwombe shemeji akupe farasi mfu.

Amri_ni_Amri: Vijana wa siku hizi mnataka kila agizo lipigiwe kura. Jeshi ambalo kila mkuu wa batalioni anajiamulia halifiki hata mwisho wa barabara. Tii, halafu ulalamike kwa maandishi.

Mtafiti_Bubu: Ndugu zangu, tunachezewa. Hiki ni kisa cha batalioni ya 69 ya Waingereza huko Quatre Bras, njia panda hiyo hiyo ya kusini mwa Brussels, tarehe 16 Juni 1815: nafaka ndefu, mraba ulioachwa kwa agizo la Mwana Mfalme wa Orange, jemadari Mholanzi wa upande wa Waingereza aliyekuwa na umri wa miaka 22, kisha wapanda farasi wenye dirii wa Kellermann, jenerali wa Ufaransa, wakatokea ubavuni na kuondoka na bendera ya batalioni. Hakuna mchezo wala shemeji. Mtu ana insha ya kukabidhi, akaona aturushie sisi swali.

Gobore_Bovu: Mkuu, mwamuzi hakututajia jina wala namba ya batalioni, na kama amekichukua kisa hicho, basi amenikomoa. Shemeji yupo, na Jumapili tunakula naye meza moja.

Mtafiti_Bubu: Weka picha ya ramani hapa.

Bint_Hamadi: Awe amebuni au hakubuni, swali lina jibu. Agizo la Mwana Mfalme huyo lilirudiwa siku mbili baadaye karibu na La Haye Sainte, shamba lililokuwa katika uwanja wa vita wa Waterloo: Kanali Ompteda, aliyekuwa chini yake, alionya kwamba kuna farasi, akalazimishwa kushambulia kwa mstari, akauawa. Gobore, usibaki mstarini na usikae mrabani mizinga ikikuona. Zipange kombania za batalioni yako kwa safu, moja nyuma ya nyingine, zikiachiana nafasi ya robo ya upana wa kombania, kwa maana kutoka hapo mraba hufungwa upesi kuliko kutoka mstarini, kisha tuma watu wachache hadi ukingo wa shamba wawe macho yako.

Amri_ni_Amri: Huko ndiko kukaidi.

Gobore_Bovu: Shemeji alisema mstari, hakusema lini. Nikiandika kwamba batalioni inapitia kwenye safu ili ifike mstarini, je, mwamuzi atanipa zamu nzima kabla ya kunihesabu kuwa nimejipanga?

Mzee_wa_Gwaride: Inategemea mtu wako wa pembeni anakimbia vipi.

Mtafiti_Bubu: Ramani bado tunaisubiri.