Nyimbo za redio kwenye kaseti: nazihamishaje?

Swali: Wadau, kuna kaseti za nyimbo za zamani zilizorekodiwa kutoka FM. Sauti inatoka nzito, kama mwimbaji kafunikwa blanketi. Nianzie wapi kabla ya kuziingiza kwenye kompyuta?

Jibu: Usiilaumu kanda kwanza, mkuu. Safisha hedi (kile kichwa cha deki kinachosoma kanda) na kile kiringi cha mpira kinachoivuta kanda, kwa kijiti cha pamba chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Pamba ikitoka na kahawia, hiyo ni oksidi ya kanda, ule unga wa sumaku unaobeba sauti. Acha ikauke, kisha peleka kanda mbele na uirudishe yote.

Jibu: Bado nzito? Pembe ya hedi haiko sawa. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo. Izungushe kidogo kidogo ukisikiliza kwa mono (kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa sauti moja), mpaka matoazi na "s" za mwimbaji zichomoze. Rudia kwa kila kaseti, maana kila deki ilirekodi kwa pembe yake. Dolby (kitufe cha deki cha kupunguza mvumo wa kanda) izime kama haikutumika wakati wa kurekodi, la sivyo inameza sauti nyembamba.

Muulizaji: Ahsanteni! Kaseti moja sauti yake inakuja na kupotea.

Jibu: Angalia kisponji kinachosukuma kanda kwenye hedi, gundi yake huchoka kikadondoka. Hamishia kanda kwenye kasha zima la skrubu 5.

Ukiingiza kwenye kompyuta, rekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa), biti 24, 48 kHz, kilele cha sauti kisivuke -6 dB. Na tafadhali, usimkate mtangazaji anayeongea juu ya utangulizi wa wimbo. Wimbo utaupata kwingine, sauti yake huipati tena.