Riwaya za vijana: wachapishaji mnagombania orodha ya shule, msomaji mmemtupa

Wakuu, leo nimekuja na povu, mnivumilie.

Nina muswada wa riwaya ya vijana. Binti wa kidato cha pili, Tandale, na kaka yake dereva wa bodaboda, basi, hakuna mawaidha ndani yake. Nimezunguka nao kwa wachapishaji (siwataji, wanajijua) na jibu ni lile lile: "Nzuri, ila haiwezi kuingia shule." Mmoja akaongeza kwamba nikitaka itoke, gharama za kuchapa nilipe mimi, wao waweke nembo. Nembo! Hela yangu, jasho langu, wao wagonge muhuri tu.

Halafu mtu ananiambia soko lina ushindani. Ushindani gani? Kinachogombaniwa ni orodha ya vitabu teule, na nafasi za riwaya humo ni za kuhesabu kwa vidole. Watoto wa Mama Ntilie, Takadini, Joka la Mdimu: kaka yangu alivisoma sekondari, nikavisoma mimi, wapwa zangu nao wakavikuta vinawasubiri. Vitabu vyenyewe sina ugomvi navyo, kalamu ya Mbogo, aliyeandika Watoto wa Mama Ntilie, naiheshimu. Lakini kitabu kikishaingia humo, mchapishaji ana haja gani ya kumuuliza mtoto wa miaka 15 anapenda nini? Mteja wake anaingia kidato cha tatu kila Januari, atake asitake.

Na mteja huyo hata kitabu chenyewe hanunui! Nenda steshenari yoyote iliyo karibu na shule. Pale kaunta utakuta "Uchambuzi": kurasa za fotokopi zilizobanwa pini mbili, wino umefifia upande mmoja, riwaya, tamthilia na diwani vimerundikwa humo humo. Dhamira, wahusika, ujumbe, kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Dogo anakariri, anajibu mtihani wa NECTA, anamaliza shule hajasoma riwaya hata moja mwanzo mpaka mwisho.

Tuzo nazo. Ile Burt ya Wakanada, iliyolenga hadithi za vijana kabisa, hapa kwetu ilitaka miswada ya Kiingereza. Kiingereza, kwa kijana wa Nzega! Tuzo ya Mwalimu Nyerere iliyoanza kutolewa 2023 angalau ni ya Kiswahili, mshindi wa kwanza anaondoka na milioni 10, hongera zao. Ila msimamizi ni TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, wale wale wa mitaala ya shule, na vitabu vinavyoshinda vinaelekezwa shuleni. Tumerudi pale pale.

Na vijana wanasoma sana tu, tusidanganyane. Wanasoma kwenye simu, hadithi za vipande WhatsApp na Facebook: sehemu ya kwanza bure, ukitaka ya pili unatuma buku. Wale waandishi wanajua pa kukatia ili usilale. Hawana mhariri, hawana ISBN, na ndio pekee wanaomgombania msomaji kweli kweli. Nyingine ni chombezo tupu, sawa, lakini uwanja mlimwachia nani?

Wachapishaji mliomo humu, njooni mjibu. Mwaka jana mmetoa riwaya ngapi za vijana bila kufikiria kwanza ithibati ya shule? Zinauzwa bei gani, na mtu wa Mbagala au Kahama anazipata duka gani? Na asije mtu na "Watanzania hawasomi", hilo tumelisikia tangu tuko wadogo.