Jenereta ya biogesi inajitoa kwenye gridi usiku, na taa zinafifia kikorogeo kikiwaka

TopeZito: Wakuu, salaam. Jenereta sinkroni ya kilowati 60, volti 400, Hz 50. Kebo hadi transfoma ina ukinzani wa omu 0.1 na riaktansi (kizuizi cha umeme wa AC kisicho ukinzani) ya omu 0.08 kwa kila fezi. Kikorogeo (mota ya kukoroga samadi kwenye tangi) cha kilowati 15 kikiwaka, taa zinafifia. Usiku wa manane relei (swichi ya ulinzi) inaitoa jenereta kwa volteji kupita 440. Jenereta ikizimwa, gridi husoma 428. Nikifunga kapasita zitasaidia?

Fezi3: Kapasita achana nazo, zitaipandisha volteji ambayo tayari imezidi. Piga hesabu: wati mara ukinzani, gawa kwa volteji. 60,000 × 0.1 ÷ 400 = volti 15. Jumlisha na 428, unapata 443. Relei haina kosa.

Jenereta ikivuta kilova 20 za riaktivu, yaani umeme usiofanya kazi halisi (pawa fakta, uwiano wa umeme unaofanya kazi na umeme wote, iwe kama 0.95) unarudisha volti 4, yaani 439. Hapo bado hujapona. Kebo ya pili ya aina ileile, sambamba na ya kwanza, inashusha zile 15 hadi 7.5, na ndiko ningepeleka pesa. Kubadili tepu ya transfoma (kipachiko kinachopanga volteji inayotoka) ni kazi ya wenye laini.

AVR (kidhibiti volteji cha jenereta) nayo, mkiwa kwenye gridi, idhibiti pawa fakta, si volteji. Usipunguze msisimko wa rota (umeme unaoipa usumaku) kupita kikomo cha mtengenezaji, itachomoka kwenye mwendo wa gridi.

Kontakta: Mota hiyo hula ampia 29 hivi, ikiwashwa moja kwa moja huvuta karibu 180, na kebo peke yake inameza volti kama 34. Sta-delta (kuwasha mota kwa volteji pungufu, kisha kuihamishia volteji kamili) usiikimbilie: torki (nguvu ya kuzungusha) ya kuanzia inabaki theluthi, samadi yenye ukoko haisogei, mota inanguruma tu, halafu ikihamia delta mkondo unaruka palepale. Funga inverta ya mota (kifaa cha kuiwasha na kuiongeza mwendo polepole), na choki (koili) ya asilimia 4 upande wa kuingilia, la sivyo harmoniki ya 5 na ya 7 (mawimbi machafu yenye kasi mara 5 na 7 ya Hz 50) zitasambaa shamba zima. Kapasita zikija kuhitajika baadaye, ziwe na choki ya asilimia 7.

TopeZito: Vikorogeo viko viwili, taima moja inaviwasha pamoja.

Kontakta: Mkuu, ungeanza na hilo! Vitenganishe kwa dakika mbili leo hii, ni bure.

Paneli_Safi: Kabla ya kununua chochote, fungua paneli. Shaba ikiwa nyeusi, gesi ya salfa (H2S) imeshaingia. Mzigo ukiwa umewaka, pima milivolti kati ya kuingia na kutoka kwa kila ncha ya kontakta (swichi inayowasha mota). Fezi inayozidi wenzake sana ndiyo mbovu. Volteji za fezi zikipishana kwa asilimia 1, mikondo ya mota inaweza kupishana kwa asilimia 6 hadi 10. Ncha zilizoliwa usizisugue msasa, badilisha, kisha hamishia paneli kwenye chumba chenye hewa safi inayosukumwa ndani.